Nilivyotafuta Dhamira Ndani ya Televisheni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa nyumbani kwetu kwa zamani, kwenye zile nyumba za reli pale Voi, na aliyeniita ni televisheni.

Sikushangaa sana. Televisheni yetu ilikuwa ya aina ile yenye miguu minne na milango ya mbao ya kusukuma kando, na kitu chenye miguu na milango hakishindwi kuita mtu. Nilichoshangaa ni kwamba ilinikumbuka. Ilikuwa pale pale karibu na dirisha, juu yake kile kitambaa cheupe alichokifuma mama, chenye tausi wawili. Ilifungua milango yake polepole, kama mtu anayefumbua macho baada ya homa.

"Mwalimu Wakesho," ilisema. "Karibu. Umenenepa."

"Shikamoo," nikasema, maana kwa umri ilinipita.

"Marahaba. Nasikia Ijumaa ulinitaja mbele za watu."

Ni kweli. Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule moja ya wasichana huko milimani, na Ijumaa niliwaambia kidato cha tatu kwamba kila kazi ya sanaa ina dhamira, hata vichekesho vya televisheni. Nikawapa mfano wa kichekesho tulichokipenda utotoni, Nyumba ya Bi Masharti. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, na hicho dhamira yake ilikuwa ipi?" Nikafungua mdomo nimjibu. Kengele ikalia.

"Huko shuleni kengele ilikuokoa," televisheni ilisema. "Hapa hakuna kengele. Ingia uitafute."

"Nikiikosa?"

"Ukiikosa picha inapotea. Kipindi kile hakuna aliyekiweka. Hakuna mkanda, hakuna chochote. Kimebaki kwenye vichwa vya waliokitazama, na vichwa vyenyewe vinapungua."

Nikavua viatu, kwa sababu mama hakuruhusu viatu juu ya vitu vya sebuleni. Nikainama, nikaingia.

Ndani kila kitu ni kijivu. Kitenge changu cha kijani kimekuwa kijivu, mikono yangu kijivu, hata harufu ya humo ni ya kijivu, harufu ya vumbi lililopata moto. Kuna kochi, meza, kabati na mlango wa nje, na ujia wa kwenda jikoni na chumba cha nyuma. Kuta ni tatu tu. Mahali pa ukuta wa nne pana kioo, na ng'ambo ya kioo ni sebule yetu.

Mama yuko pale, kijana, sinia la mbaazi mapajani. Dada yangu Mkamburi amenyoosha miguu mkekani. Jirani yetu Mama Mghoi amekalia kigoda alichokuja nacho mwenyewe, kwa kuwa hakuwahi kuviamini viti vya watu. Na mbele yao wote, karibu kabisa na kioo, kuna msichana mwenye pengo, kidevu juu ya magoti. Huyo ni mimi. Wote wananitazama.

"Hamjambo?" nawasalimu.

Wanaangua kicheko. Mama Mghoi anajipiga paja.

Sikuwa nimesema la kuchekesha. Nikaelewa kwamba mle ndani lolote utakalosema litachekwa, nawe inakubidi usubiri kicheko kiishe ndipo uendelee. Nikasubiri. Mama alikuwa akicheka huku ametupa kichwa nyuma, na mbaazi zinaruka sinia zima. Siku hizi mama anaishi kwangu, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja kwa sababu ya meno. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake kiliwahi kuwa na sauti kubwa namna ile. Nikasimama nikimtazama mpaka nikasahau kilichonipeleka.

"Usiwaangalie sana, Mwalimu," sauti ikasema nyuma yangu. "Wakijua tunawaona wataanza kujitengeneza."

Alikuwa Bwana Kesho. Nilimtambua kwa koti lake lililokosa kifungo kimoja na kwa sanduku alilolishika kwa kidole. Kwa asiyekijua kichekesho chenyewe, hadithi yake ilikuwa fupi. Bwana Kesho alipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya Bi Masharti. Kila wiki, siku ya Alhamisi, Bi Masharti alimfukuza. Kila wiki Bwana Kesho alifungasha, akasema, "Kesho nahama." Na kila wiki kipindi kiliisha yeye akiwa bado yumo. Basi. Hapakuwa na zaidi ya hapo, nasi tulikicheka miaka.

"Kifungo chako kiko mkononi mwako," nikamwambia.

"Nakiona. Nitakishona kesho."

"Kwa nini si leo?"

"Ni jina, Mwalimu. Mwandishi akishakupa jina la tabia yako, umekwisha. Nimejaribu kufanya jambo leo, hata kupiga chafya. Nashindwa. Nyinyi mnaiita nini mbinu hiyo?"

"Majazi."

"Majazi," akarudia kwa huzuni, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa wake.

Mlango ukafunguka, akaingia Bi Masharti mwenyewe, mrefu, leso kifuani, shada la funguo kiunoni. "Karibu mgeni," akasema, "mradi usikanyage zulia. Kaa kitako, ilimradi usiegemee. Umekuja kutafuta nini, kama si siri?"

"Dhamira."

"Kuu au ndogondogo? Ndogondogo zimo kwenye droo ya kabati. Tazama, lakini ufunge."

Nikavuta droo. Zilikuwa zimejaa humo kama vifungo vya shati, na kila moja ilikuwa na kisauti chake. Moja ilisema, "Usafi ni jambo la maana." Nyingine, "Jirani mwema si kitu kibaya." Zilisema zote pamoja bila kusikilizana. Nikafunga.

"Na ile kuu?"

"Sijaiona tangu kipindi kianze," Bi Masharti akasema. "Labda mwandishi aliondoka nayo mfukoni. Muulize Karani, kama atajibu."

Karani wa baraza alikuwa ndio kwanza anaingia, na aliingia kwa kupita chini ya mlango. Alikuwa bapa. Alikuwa mwembamba kama bati, na alipogeuka ubavu hakuonekana kabisa. Katika kichekesho kazi yake ilikuwa kuja na agizo la baraza, kulisoma na kutamka maneno yale yale.

"Karani, umeiona dhamira kuu?"

"Hayo ndiyo niliyotumwa," Karani akasema.

Sebuleni wakacheka.

"Usimlaumu," Bi Masharti akanong'ona. "Hakuwahi kupewa upande wa pili." Akamchukua kwa vidole viwili, akamtundika kwenye msumari nyuma ya mlango ili asije akakunjika.

Nikaona nitumie njia niliyofundishwa chuoni. Nikasimama katikati ya chumba, nikasafisha koo, nikasema kwa sauti ya kutosha, "Dhamira kuu ya kazi hii ni uhaba wa makazi mijini."

Kicheko kikaanza, kisha kikakatika kama kilichokatwa kwa makasi. Picha ikajaa chenga. Punje nyeupe na nyeusi zilicheza mbele ya macho yangu zikitoa sauti ya mchele unaopepetwa. Zilipotulia, Mama Mghoi hakuwepo. Kigoda chake kilibaki peke yake, na hakuna aliyekitazama.

"Kosa," televisheni ikasema kutoka kwenye kuta zote tatu.

"Unyonyaji," nikasema haraka. "Mvutano kati ya wenye mali na wasio nayo."

Chenga. Kigoda nacho kikaenda, na pazia la dirisha, na mlio wa nyenje uliokuwa ukitoka nje.

"Nafasi ya mwanamke katika jamii!" Hilo huwa halikosi alama.

Chenga zilikaa muda mrefu zaidi safari hii. Zilipoondoka, mkeka ulikuwa mtupu. Nikaita, "Mkamburi! Mkamburi!" Mama akacheka, kwa sababu nilikuwa nimesema kitu.

Walibaki wawili tu ng'ambo ya kioo, mama na yule msichana mwenye pengo, na msichana mwenyewe alikuwa ameanza kufifia, ukuta wa nyuma ukionekana kupitia mwili wake.

"Nyamaza, Mwalimu, nakuomba," Bwana Kesho akasema. "Kila ukifasiri tunapungua."

Nikanyamaza. Nikakaa sakafuni, nikamtazama mama akimenya mbaazi. Alikuwa na umri mdogo kuliko nilio nao mimi sasa. Alimenya bila kuangalia vidole, macho kwenye kioo, na kila baada ya muda alitupia jicho mlangoni, kisha akarudi. Sikuwahi kumwona vizuri akiwa na umri ule. Miaka ile yote alikuwa nyuma yangu, nami nilikuwa natazama televisheni. Niliogopa hata kupumua, nisije nikasema neno la kitaalamu likamwondoa.

Kitu kikanigusa bega kwa pua. Alikuwa mnyama wa kadiri ya mbuzi, amefungwa kamba kwenye mguu wa meza, mbavu zote nje.

"Huyu ni nani?"

"Mgogoro," Bwana Kesho akajibu.

"Mbona amekonda hivi?"

"Halishwi. Zamani tulimlisha vizuri. Bibi huyu alitaka niondoke kweli, na mimi nilitaka kuondoka kweli. Sasa tunampa makombo. Yeye anasema toka, mimi nasema kesho, watu wanacheka, tunalala."

"Asipokula?"

"Kipindi kinaisha. Kwani hujui? Leo ni Alhamisi ya mwisho."

Hapo nikakumbuka kitu. Mimi na Mkamburi tumebishana mara nyingi kuhusu kipindi cha mwisho kiliishaje. Yeye anashikilia kwamba Bwana Kesho alihama kweli. Mimi husema nyumba ilibomolewa. Mama tukimuuliza husema hakumbuki, ugali unaungua.

"Kiliishaje?" nikamuuliza Bwana Kesho.

"Sijui. Hatujafika."

"Beba sanduku lako uende mlangoni."

"Kesho."

"Nenda sasa hivi."

"Mwalimu, nimeshakueleza habari ya jina."

Basi nikafanya jambo ambalo mwalimu huruhusiwa kufanya kwa mwanafunzi mgeni darasani asiyejulikana anaitwaje. Nikamwambia, "Kuanzia sasa wewe ni Bwana Leo."

Alinitazama kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akatia uzi kwenye sindano, akashona kifungo chake palepale, akakata uzi kwa meno. Kisha akaenda chumba cha nyuma, akarudi na sanduku. Safari hii alilibeba kwa mikono miwili. Siku zote lilikuwa tupu na sote tulijua, maana alilining'iniza kidoleni. Sasa lilikuwa na vitu. Nilisikia sufuria ikigonga humo ndani, na kitu kama saa ya mezani.

Mgogoro akainua kichwa. Akasimama. Mbavu zikapotea, shingo ikanenepa, akavuta kamba mpaka meza ikasogea.

Bwana Leo anafika mlangoni. Anashika komeo. Bi Masharti anatoka jikoni, funguo zinalia, mdomo umeshafunguka kwa lile neno lake la kila wiki. Ng'ambo ya kioo mama ameacha kumenya. Darini taharuki inaning'inia kwa uzi mmoja, kubwa kama chungu cha maji, na imeacha kupembea.

Bi Masharti anaona sanduku ni zito. Anafunga mdomo. Anazitoa funguo kiunoni, anaziweka juu ya meza bila kelele.

"Umeshakula?" anauliza.

Hakuna anayecheka.

"Bado," anasema Bwana Leo.

"Basi."

Anaweka sanduku chini. Ni hivyo tu. Sikuwahi kumsikia Bi Masharti akisema jambo lisilo na sharti mbele wala nyuma, na nadhani hata yeye hakuwahi kujisikia. Alibaki amesimama akitazama mikono yake.

Picha ikatakata. Haikuwahi kutakata namna ile hata televisheni ilipokuwa mpya. Mkamburi alirudi mkekani, akiwa amenyoosha miguu vile vile. Mama Mghoi alirudi na kigoda chake, akipenga kamasi kwenye ncha ya leso. Pazia likarudi, na nyenje. Mgogoro alijilaza chini akasinzia. Nikamtazama mama. Alikuwa ameshika ganda moja la mbaazi, hakulimenya wala hakuliachia, na hakuwa akitazama kioo tena. Alikuwa ameinua macho kwenye dari.

Kutoka juu ikaja sauti ya mwanamume.

"Wamesema nini?"

Ilikuwa sauti ya baba.

Lazima nieleze hapa. Televisheni yetu haikushika bila mtu kusimama juu ya paa ameishikilia eriali, na mtu huyo alikuwa baba. Sisi tulikuwa chini tunamwelekeza kwa kelele. "Bado! Geuza upande wa Sagalla! Umepita! Rudisha kwa stesheni! Hapo hapo, usitikisike!" Kichekesho kile kizima baba alikitazama kwa masikio, kupitia vicheko vyetu. Tukicheka anauliza, "Wamesema nini?" Mmoja wetu anakimbia nje kumpigia kelele maneno yaliyosemwa. Halafu, wakati sisi tumeshafika kwenye mzaha mwingine, kicheko chake kinakuja peke yake kutoka juu ya mabati.

Safari hii hakuna aliyekimbia. Mama Mghoi alikuwa na kamasi zake. Watoto walikuwa wameduwaa. Mama aliweka sinia chini, akajifuta mikono, akaingia jikoni.

"Jamani, wamesema nini?" sauti ikauliza tena.

"Nitaenda mimi," nikasema. "Napitia wapi?"

Bi Masharti akanyoosha kidole pembeni mwa chumba. Pale, kati ya kabati na ukuta, palikuwa na kilima, na mawe yake, na mikonge imeota ubavuni.

"Pale ni kilele," akasema. "Kanuni ni kwamba hakipandwi mpaka mgogoro ukue. Ameshakua. Panda, mradi..." Akasita. "Panda tu, mwanangu."

Nikapanda. Mawe yalikuwa ya moto. Nilivyokuwa nikipanda, kijivu kilikuwa kikinibanduka, kwanza kwenye kucha, kisha mikononi, kisha kitenge changu kikawa kijani tena, na udongo chini ya miguu ukawa ule mwekundu wa Voi ambao ukishaingia kwenye soksi nyeupe hautoki. Niliponyoosha mkono nishike jiwe la mwisho, nikashika ukingo wa bati. Nilikuwa juu ya paa la nyumba yetu.

Baba alikuwa amesimama na nguo zake za kaki za reli, amelikumbatia bomba la eriali kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha kusikiliza. Baba alifariki mwaka nilioajiriwa, na alifariki amekwisha mwili, mikono yake kama fito. Hapa mikono ilikuwa mizima. Jua lilikuwa limeshuka upande wa Mwatate, na mabati yalikuwa yakitoa milio yanavyopoa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ni yupi?"

"Wakesho."

"Wakesho yuko chini."

"Na mimi pia ni Wakesho."

"Haya." Hakuuliza zaidi. Mtu wa reli amezoea treni mbili za jina moja, moja inapanda na nyingine inashuka. "Wamesema nini?"

"Baba, dhamira kuu ya..."

"Sikuulizi dhamira. Nauliza wamesema nini."

Nikamweleza. Nikamwambia yule mpangaji leo amebeba sanduku kweli, zito, mikono miwili. Ameshafika mlangoni. Bibi amekuja kumfukuza, akaziweka funguo mezani, akamuuliza, "Umeshakula?"

Baba hakucheka. Aligeuza shingo akanitazama vizuri.

"Amesema hivyo? Maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo. 'Umeshakula?' Mpangaji akasema bado. Bibi akasema basi."

"Basi," baba akasema.

"Basi."

Upepo ukapita. Eriali ikatoa mlio mdogo, naye akaikaza bila kuitazama.

"Nitakuambia jambo," akasema. "Nyinyi mlikuwa watoto. Mwaka ule nilipata uhamisho wa Kisumu. Mama yako hakutaka kuhama na mimi sikutaka kukataa kazi. Akaniambia ukienda usirudi. Nikamwambia sawa. Tukaacha kusemezana. Chakula ananiwekea, lakini neno hakuna. Jioni hii ninayokuambia sanduku langu liko tayari chini ya kitanda, treni ya Nairobi napanda hiyo hiyo. Nilisema niwashikie eriali mara ya mwisho, kipindi kikiisha nashuka, nachukua sanduku naondoka."

"Sikujua, baba."

"Hukutakiwa kujua. Basi, kipindi kikaisha. Nikauliza wamesema nini, hakuna anayenijibu. Nikasema hata watoto wameshaambiwa wasinisemeze. Nikashuka. Naingia kwa mlango wa nyuma, namkuta mama yako amesimama jikoni, hana kitu mkononi. Akanitazama. Akaniuliza, 'Umeshakula?'"

Akahamisha viganja vyake kwenye bomba.

"Nilikuwa nimekula," akasema. "Nikasema bado. Akasema basi. Sanduku nikalifungua siku ya pili, asubuhi nikaenda ofisini kukataa Kisumu. Miaka yote iliyobaki, kila nilipomkasirikia, nilikumbuka neno lile. Nilisema, mwanamke huyu hakusoma sana, lakini siku ile alipata neno ambalo mimi nisingelipata nikitafuta mwaka mzima. Nilijua limetoka moyoni mwake."

"Limetoka kwenye televisheni," nikasema.

"Naona."

"Lilikuwa halijapoa hata kidogo, baba."

"Naona, mwanangu. Naona."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Kwanza nilidhani analia. Kisha kicheko kikatoka, kile cha peke yake, kile kilichozoea kuchelewa. Alicheka mpaka bomba likapiga mabati, mpaka kule chini wakaanza kupiga kelele, "Picha inacheza! Picha inacheza!" Alijifuta macho kwa mkono wa shati, akajaribu kusema kitu, akacheka tena. "Kumbe aliiba!" akasema alipopata pumzi. "Mimi nimekaa na mwizi nyumbani miaka yote hiyo!"

Kisha akaangalia mikono yake iliyoshika bomba, akaangalia yangu.

"Shika hapa."

Nikashika. Bomba lilikuwa na joto la viganja vyake.

"Usiigeuze. Mlima Vuria, wenye mnara wa matangazo, uko kule, shika uso uelekee kule. Mimi nashuka nikamuulize."

"Baba, ukishuka hutarudi juu."

"Nirudi juu kufanya nini? Wewe si umeshika?"

Alishuka ngazi kinyumenyume, kama alivyotufundisha, mguu mmoja, kisha mwingine, na kichwa chake kikapotea nyuma ya ukingo wa bati. Nikasikia mlango wa jikoni. Nikasikia sauti yake na ya mama, sikupata maneno. Halafu nikasikia kiti kinavutwa sebuleni na Mkamburi anasema, "Baba, sogea, unatuziba." Halafu wote wakacheka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kicheko cha baba kilikuwa ndani ya vile vingine, kwa wakati mmoja navyo, na kwa mbali nisingeweza kuchambua kipi ni chake.

"Wamesema nini?" nikaita kutoka juu.

Walikuwa wakicheka sana, hawakunisikia. Mikono ilikuwa imeanza kuniuma. Sikuigeuza eriali. Jua likazama, nami nimesimama pale natazama Vuria, mpaka nikazinduka.

Kulikuwa kumekucha. Nililala kidogo nikisikiliza nyumba. Jikoni sufuria ilikuwa ikichemka na mama alikuwa akiongea na paka wa jirani kama kawaida yake ya asubuhi. Niliamka nikaenda kumsalimu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi, anakoroga chai.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama. Ila sikulala vizuri. Baba yako amenijia."

Nilivuta kiti nikakaa. "Anasemaje?"

"Hasemi, anacheka tu. Amesimama pale mlangoni anacheka hata hawezi kupumua." Akagonga kijiko ukingoni mwa sufuria. "Ati mimi ni mwizi wa maneno. Huyo mzee! Amekaa miaka yote, leo ndiyo amejua."

Alimimina chai vikombe viwili, akanisogezea kimoja, na nilipoendelea kumtazama akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika.

"Unanitazama nini?" akaniuliza. "Kwani maneno yana mwenyewe?"